Mlenga shabaha na mdunguaji, ni mtu mmoja?

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mimi na shemeji yangu hatuelewani kisa Yusuf Dikeç, yule Mturuki wa Olimpiki ya Paris 2024 aliyepiga bastola mkono mmoja uko mfukoni. Mimi nilimwita mdunguaji, shemeji akacheka akasema mdunguaji ni wa vitani, huyu aitwe mlengaji shabaha. Nani kapatia? Na hilo neno mdunguaji ni Kiswahili kweli au watangazaji wamejitungia tu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Shemeji kapatia maana ila kateleza kwenye sarufi, wewe umeteleza kwenye maana, kwa hiyo soda mgawane.

Tuanze na hilo la sarufi maana naliona kila siku mitandaoni. Kiswahili ukimtaja mtu kwa kazi yake halafu ukaweka na kitu chenyewe hapohapo bila "wa", ile -ji ya mwisho inadondoka. Tunasema msemaji, lakini msema kweli. Mlaji, lakini mla nyama. Mpigaji, lakini mpiga picha, hakuna anayesema mpigaji picha. Sasa na huyu vilevile, mlengaji akiwa peke yake sawa, akija na shabaha yake anakuwa mlenga shabaha, wengi wao walenga shabaha.

Haya, mdunguaji. Neno ni letu kabisa, wala halijatoka studio. Kutungua ni kukiteremsha kitu kilicho juu, na wengine hutamka dungua, maana ni ileile. Mtu aliyekulia penye miembe haambiwi, embe la chini unachuma kwa mkono, la juu kidogo unavuta kwa ngoe, lile jekundu la kileleni ambalo kila mtu analiona na hakuna anayelifikia ndo linatunguliwa, kwa jiwe au kwa manati. Mtaani kwetu alikuwepo mtoto mmoja manati yake ya mti wa mpera na mpira wa tyubu ya baiskeli, hapigi embe lenyewe, anapiga kikonyo, embe linashuka zima halina hata mchubuko, sisi wengine tulikuwa tunatungua majani tu na kukimbizwa na mwenye mti.

Kutoka hapo neno likapanda juu zaidi, tukawa tunasikia ndege ya kivita imetunguliwa au imedunguliwa. Likaingia na uwanjani, mshambuliaji akiachia shuti kutoka mbali likazama golini mtangazaji anapiga kelele "kamtungua kipa!" Lakini ukigonga mpira ukiwa hatua mbili na goli hakuna anayesema umemtungua mtu, hapo umefumania nyavu tu. Kwa hiyo umbali umo ndani ya neno lenyewe. Waandishi wa habari walipotafuta jina la askari anayejificha mbali akachagua mtu mmoja na kumpiga, wakachukua hilo hilo wakamwita mdunguaji, na mimi naona walichagua vizuri sana, ni zuri kuliko snaipa.

Ndo maana Dikeç haingii. Yeye alisimama mita 10 tu kutoka kwenye shabaha, bastola ya upepo, mbele za watu na kamera, hajajificha popote. Ugumu wake ni mwingine, kile kiduara cha pointi 10 kina upana wa milimita 11.5, yaani kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, ndo kilichompa medali ya fedha yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Huyo ni mlenga shabaha. Simo Häyhä wa Finland, yule aliyelala kwenye theluji vita ya 1939 hadi 1940 akiwavizia askari wa Kisovieti, huyo ndo mdunguaji. Mdunguaji lazima awe mlenga shabaha kwanza, mlenga shabaha si lazima amdungue mtu. Vijana wa JKT nao wanafundishwa kulenga shabaha, ila wakirudi nyumbani usiwaite wadunguaji, utamtisha mama mtu.

SWALI: Hiyo snaipa Wazungu waliitoa wapi? Na kwa nini kwenye vikao wanasema "shabaha ya mkutano", kuna bunduki humo? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Snaipa imetoka kwa ndege. Kuna kindege cha matopeni chenye mdomo mrefu, Waingereza wanakiita snipe, kikiruka kinakwenda upogoupogo kukipata ni kazi. Maofisa wao waliokuwa India miaka ya 1770 walipenda kukiwinda, aliyekiweza akasifiwa, jina likahamia kwa askari baadaye. Wao walianzia kwa ndege, sisi tukaanzia kwenye embe.

Shabaha ya mkutano ni sahihi. Shabaha ni kile unachokilenga, kiwe bati lenye duara, kiwe jambo la kuamua kikaoni. Na lengo nalo si limetokana na kulenga? Kinachonikera ni wale wanaoandika "malengo na shabaha za mradi" halafu ukisoma chini orodha ni moja.