Tafuta fedha kabla ya kuchagua shule: kwa anayeomba MBA

Kila msimu wa maombi ya MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, napata ujumbe unaofanana: "Nimekubaliwa, sasa ufadhili nautafuta wapi?" Ukiuliza hivyo baada ya barua ya kukubaliwa, umechelewa. Fedha nyingi za mwaka huo zinakuwa zimeshagawanywa, na unachobakiziwa ni mkopo.

Anza na fedha, kisha shule. Kuna mifuko ya ufadhili ina fomu zake, insha zake na tarehe yake ya mwisho, na haijali kwamba shule imekupenda. Chukua ufadhili wa Knight-Hennessy pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Unaomba kwao, na unaomba shule ya biashara kivyake. Maombi yao hufungwa Oktoba, kabla hujajua kama shule yenyewe imekutaka. Mingine iko kinyume kabisa. Forté, taasisi inayosaidia wanawake wanaosoma biashara tangu 2001, haipokei maombi ya ufadhili moja kwa moja kutoka kwako: shule wanachama ndizo zinazochagua nani apewe. Kwa hiyo mwanamke anayetaka fedha hizo hana fomu ya kuitafuta Forté. Ana shule ya kuishawishi. Jua kila mfuko uko upande gani, la sivyo utapoteza wiki nzima ukibisha mlango usiofunguka.

Halafu soma masharti ya uraia kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Hapa ndipo wengi wetu tunapojichosha bure. The Consortium, muungano wa shule za biashara za Marekani ulioanzishwa 1966 ili kuwaingiza Wamarekani weusi kwenye uongozi wa makampuni, una utaratibu mzuri sana: ombi moja linakwenda hadi shule sita, ukizipanga kwa upendeleo wako, na wanaochaguliwa hulipiwa karo yote. Lakini umelenga raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Kama unaomba kwa pasipoti ya nchi nyingine, uvuke uende kwa mifuko ya wanafunzi wa kimataifa, na usiumie moyo. Hawajakukataa wewe, hawakukukusudia tangu mwanzo.

Mifuko mingi hulenga makundi yenye uwakilishi mdogo, yaani watu walio wachache darasani. Kuhusu nani anahesabiwa humo, usibaki na picha moja kichwani. Shule moja inatafuta wanawake, nyingine watu wa kwanza katika familia zao kufika chuo kikuu, nyingine waliotoka jeshini, au walimu na wauguzi ambao hawajawahi kukanyaga benki kama wafanyakazi, au watu wa nchi ambazo darasani hazionekani. Unaweza kuingia katika makundi mawili bila kujijua. Tena, tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipozuia vyuo kuzingatia rangi katika udahili mwezi Juni 2023, mifuko mingi ya huko imeandika upya masharti yake. Siku hizi wanauliza umepitia nini na umefanya nini kwa ajili ya wengine. Hukumu yenyewe iliacha nafasi ya mwombaji kueleza jinsi rangi ilivyogusa maisha yake. Kwa hiyo kuweka alama kwenye kisanduku na kusubiri hakutoshi. Andika kazi uliyoifanya: kikundi ulichokiongoza, vijana uliowafundisha hesabu, mfumo wa malipo uliourekebisha. Insha ya dhiki tupu huchosha msomaji ambaye ameshasoma nyingine mia. (Na dhiki ya kubuni hujulikana mapema kuliko unavyodhani.)

Sasa hesabu, ambayo watu huikwepa. "Karo yote" haimaanishi gharama zote. Kodi ya nyumba, bima ya afya, vitabu, safari, na mshahara unaouacha ukienda kusoma vinabaki kwako. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, huweka ukomo kwenye karo ya MBA, pauni 22,000, wakati Oxford na Cambridge wanatoza zaidi ya mara tatu ya hapo. Tofauti hiyo uijue kabla hujashangilia. Kwa Marekani, shule haitakupa hati ya kuombea viza mpaka uonyeshe fedha za mwaka wa kwanza. Uliza pia mwaka wa pili: ufadhili unaendelea wenyewe, au unategemea alama?

Harvard na Stanford, kwa MBA, huangalia uhitaji na si alama za mtihani wako. Harvard hutazama mapato yako ya miaka mitatu iliyopita pamoja na mali. Kwa hiyo kusanya hati za mishahara, za benki na za madeni mapema, na kama unatunza wazazi au wadogo zako, lieleze hilo waziwazi, maana fomu nyingi hazina mahali pa kuliandika. Kwa shule zinazotoa fedha kwa sifa, mazungumzo yapo. Ukipata ahadi kutoka shule nyingine ya hadhi hiyohiyo, andika barua fupi ya heshima, ambatanisha ahadi hiyo, taja kiasi kinachokupungukia, uliza kama wanaweza kuliangalia upya. Fanya hivyo kabla ya kulipa arbuni ya kushika nafasi. Ukishalipa, hawana sababu ya kukuongeza.

Mkopo uwe wa mwisho, ila usiuogope kama ugonjwa. Prodigy Finance, kampuni ya mikopo iliyoanzishwa 2007 na wahitimu wa shule ya biashara ya INSEAD, huwakopesha wanafunzi wa kimataifa bila mdhamini, kwa kupima kipato wanachotarajiwa kupata. Riba yake isome mara mbili. Kwa raia wa Marekani, mkopo wa serikali uliokuwa ukifidia gharama zote unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026, na kiwango kinachobaki kwa MBA ni dola 20,500 kwa mwaka. Pengo hilo litawasukuma wengi kwenye mifuko ileile unayoilenga wewe, kwa hiyo tuma maombi yako duru ya kwanza, ile inayofungwa mapema kuliko zote.