Nyuma, Nyuma

Mmeuliza juma hili: ni wimbo gani wa disko wa miaka ya 2000 ambao ukipigwa hata leo huwezi kukaa kitini? Natabiri watu wa Nairobi watamkimbilia rapa wao marehemu E-Sir, na siwalaumu. Mimi naandika kutoka Malindi, na wangu ni “Dragostea din tei”. Tena si ule wa O-Zone, ni ule alioimba Haiducii, mwanamke wa Kiromania aliyevuma nao Italia mwaka 2004. Wajuzi watanuna. Watasema wa O-Zone ndio asili, uliotungwa na Dan Balan, mmoja wa wale vijana watatu wa Moldova, na ndio uliokaa kileleni mwa chati Ujerumani na Ufaransa mwaka huohuo. Sawa, wana haki yao. Lakini Malindi muziki haukutufikia kutoka Ujerumani wala Ufaransa. Ulishuka na mabegi ya Waitaliano.

Kwa asiyeujua mji wetu, Waitaliano walianza na mambo makubwa. Huko Ngomeni, kaskazini ya Mambrui, mwaka 1967 walirusha setilaiti kutoka jukwaa lililosimama baharini. Baada ya setilaiti zikaja hoteli, baada ya hoteli pitsa, na baada ya pitsa wakaturushia disko. Nilipopata akili, mtoto wa Malindi alikuwa akijua kupatana bei kwa Kiitaliano kabla hajamaliza shule ya msingi.

Mwaka 2002 nilikuwa na miaka 19, kidato cha nne nimemaliza, chuo hakuna pesa. Nikapata kibarua kwenye hoteli moja ya ufuoni. Jina nalihifadhi, maana mpaka leo wanasema sikurudisha sare, nami nasema hawakunilipa mwezi wa mwisho. Niliingizwa kikosi cha animesheni. Kazi ya animesheni, kwa ambaye hajaiona, ni kuhakikisha mgeni hapati nafasi ya kuchoka na likizo yake. Asubuhi mazoezi mchangani, saa tano michezo ya majini, jioni dansi ya pamoja kando ya bwawa, baada ya chakula vichekesho, kisha disko mpaka mgeni wa mwisho aende kulala. Unalipwa kuchangamka. Ukiwa na homa unachangamka, ukifiwa unaomba ruhusa siku mbili, ya tatu unachangamka.

Nyumbani kwetu Shela (Shela ya Malindi, si ya Lamu) nilisema nimeajiriwa kuangalia bwawa la kuogelea. Haukuwa uongo mtupu, kwani nililiangalia kutwa. Lakini kumwambia baba, mtu wa safu ya mbele msikitini, kwamba mwanawe analipwa kukata kiuno mbele ya watu waliovaa chupi? Hapana. Bora bwawa.

Kilichokaribia kunifichua ni upepo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na ada ya kukaa barazani baada ya isha akisuka ukili. Usiku mmoja, siku yangu ya mapumziko, upepo ukaleta disko mpaka mlangoni kwetu. Bibi akasimamisha vidole.

“Hawa watu wa hoteli watwanga nini usiku wote huu?”

“Ni muziki, bibi.”

“Mie nasikia mchi tu. Na huo mpunga hauishi?”

Sijasoma popote maelezo ya muziki ule yaliyonitosha kuliko hayo. Ndivyo ulivyo: besi inashuka pigo moja moja, sawasawa, manne manne, mara 120 na kitu kwa dakika, na mchi haupumziki. Mengine yote, vinanda, sauti, makofi, yanapita juu ya mchi. Na hapo ndipo palipokuwa na taabu yangu. Sisi watu wa mwambao tumelelewa na chakacha, na chakacha inahesabu sita. Kiuno kinazunguka, kinasubiri kidogo, kinarudi. Ukimpa mtu wa chakacha mtwango wa nne, siku za mwanzo anacheza kama aliyevaa viatu vya mwenziwe. Mkubwa wetu wa animesheni, ambaye tulimwita kapo kama Waitaliano wenyewe wanavyomwita, alinishika kiuno kwa mikono miwili akakizuia kama mtu anayezuia sufuria isimwagike. “Fermo!” Kitulize! Ilinichukua wiki tatu kukifundisha kiuno changu kunyamaza, na nilipokwenda harusini baadaye nikakuta hakiongei tena vizuri. Kimerudi, alhamdulillah, lakini si kile.

Wimbo wa kwanza niliofundisha mimi mwenyewe ulikuwa “Aserejé”, wa madada wa Kihispania wanaoitwa Las Ketchup. Ulikuwa umeshika Ulaya nzima mwaka ule wa 2002, na Desemba ukatufikia. Msimu wenyewe ulikuwa mbaya. Tarehe 28 Novemba hoteli ya Kikambala ilikuwa imelipuliwa, na wageni wengi wakavunja safari. Kwa hiyo darasa langu la kwanza lilikuwa na watu 11, mmoja wao mtoto. Mnaoukumbuka mnajua: mikono unaipitisha mmoja juu ya mwingine, unageuza, unaitupa vidole gumba mabegani, kisha mkono kwenye paji la uso na magoti yanagongana. CD ilikuwa imekwaruzika. Wimbo ukafika kwenye kiitikio ukakwama, silabi moja inarudi, inarudi, inarudi. Dijei alikuwa ametoka kidogo. Na kanuni ya animesheni ni moja tu, usisimame. Tulikuwa kwenye kupitisha mikono, basi tukaendelea kupitisha mikono. Wageni 11 nao wakapitisha mikono, nyuso zimejaa jasho na nia njema. Nadhani ilifika dakika mbili. Mwishowe mzee mmoja mwenye kofia ya ukindu akaniuliza kwa upole kama baada ya hapa kuna hatua nyingine.

Dawa ya CD tuliijua wote. Ni dawa ya meno, ile nyeupe ya kawaida, si ya jeli. Unatia kidogo kwenye kitambaa laini, unafuta kutoka tunduni kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe. Ukizungusha umeiua. Usiku ule niliifuta ile CD nikiwa nimekaa kwenye ngazi za jikoni, na “Aserejé” ikadumu misimu miwili zaidi.

Maneno yake sikuyajua, na sikujali. Ni miaka mingi baadaye nilipoelezwa na mtu anayejua Kihispania, nikacheka peke yangu njiani. Wimbo wenyewe ni hadithi ya kijana aitwaye Diego. Anaingia disko, dijei anamjua, saa sita ya usiku anampigia wimbo anaoupenda kuliko zote, naye Diego anacheza na kuimba. Tatizo ni kwamba wimbo ni wa Kiingereza, “Rapper’s Delight” wa Sugarhill Gang, wa mwaka 1979, na Diego Kiingereza hakijui. Anaimba anavyosikia. Kile kiitikio ambacho dunia nzima ilikiimba ndicho alichosikia Diego. Yaani mimi, kijana wa Shela nisiyejua Kihispania, nilikuwa nikiwafundisha Waitaliano wasiojua Kihispania kuimba Kiingereza cha Mhispania asiyejua Kiingereza. Na hakuna aliyekosea hatua.

Sasa nifike kwenye wangu. Agosti 2004, wakati Waitaliano wanapofunga nchi yao na kwenda mapumzikoni, hoteli ilijaa. Msichana mmoja aliyekuwa akiondoka alituachia CD ya mkusanyiko wa Hit Mania, maana ndivyo tulivyokuwa tukipata nyimbo mpya: mgeni akifunga begi, ukimwomba vizuri, anaacha. Siku ya pili yake ilikuwa tayari imefika sokoni, kwenye kibanda cha kunakili, shilingi 100 kwa nakala, na jalada limepigwa fotokopi nyeusi huoni kitu. Ndani yake alikuwamo Haiducii.

Nilichukua daftari la mistari nikaandika maneno kama nilivyoyasikia, kwani animesheni lazima aimbe. Kwangu kilikuwa Kiitaliano cha haraka, basi. Wapo Waitaliano wa kusini ambao hata wenzao wa kaskazini hawawaelewi, nikajua ni wale. Kwenye kiitikio nikasikia “nyuma, nyuma, yee”. Wazi kabisa. Wenzangu wakasikia hivyohivyo. Kwa hiyo tulipotunga hatua zake, kila tukifika pale tulirudi nyuma hatua mbili, mikono inavuta kamba. Ukaenda kucheza disko yoyote ya Lamu Road hapa Malindi mwaka ule, Mswahili, Mgiriama, bichi boi, mfanyakazi wa saluni, wote wanarudi nyuma. Wageni walidhani ndiyo dansi yenyewe kutoka Italia, ila wao hawajawahi kuiona.

Jioni moja mama mmoja wa Kiitaliano, mtu mzima, nywele kazifunga kitambaa, akanijia baada ya dansi. Akaniuliza naimba lugha gani. Nikamjibu kwa adabu na kwa fahari, “Yako, mama.” Alicheka mpaka akaketi. Hata yeye haelewi neno, akasema, hicho ni Kiromania. Huko kwao anayemtunza mama yake mgonjwa ni Mromania, na huimba hivyo akipiga pasi.

Niliona aibu kiasi cha kwamba kesho yake nilibadilishana zamu. Lakini mama yule alikuwa mtu wa kurudi kila mwaka, na Agosti iliyofuata akanitafuta, akatoa mkobani karatasi ya duka la dawa iliyokunjwa mara nne. Nyuma yake yule Mromania alikuwa ameandika kiitikio kwa Kiitaliano. Wataka kuondoka, lakini hunichukui, hunichukui. Basi. Hamna kurudi nyuma popote.

Nilimsomea mwenzangu mmoja wa kikosi. Yeye alikuwa na rafiki wa kike, mgeni, ambaye kila mwaka alikuwa akimwahidi kumtumia barua ya mwaliko apeleke ubalozini. Hakucheka. Akasema, “Ah, kumbe ni taarabu.” Hatua hatukuzibadilisha.

Nyingine nitazipitia mbio, maana najua mhariri ana mkasi. “Blue” wa Eiffel 65 wa kule Turin sikuupenda kamwe, na kwa vile ulitoka mwisho wa miaka ya tisini nafurahi swali lenu linanipa sababu ya kuuacha. “Groovejet” wa Spiller, wa mwaka 2000, ulikuwa wa saa ya machweo, glasi zinagongana, na ndio pekee ambao kapo aliniruhusu kurudisha kiuno kidogo. “Satisfaction” wa Benny Benassi ulikuwa wa saa nane za usiku. Sauti zile si za watu, ni kompyuta inayosoma maandishi, na ukiusikiliza ukiwa na usingizi utasema mashine ya posho imepata wazimu. Safri Duo, wale wapiga ngoma wawili wa Denmark, niliwahi kuwasikilizisha wazee wa mwanzele, ngoma ya Wamijikenda, waliokuja kutumbuiza hotelini. Walisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Mmoja akasema wamefunga vizuri, lakini kwa nini hawaachi nafasi ya mchezaji kuingia?

Na mwaka 2005 ikaja mbinja ya Bob Sinclar, “Love Generation”, inayoimbwa na Gary Pine wa Jamaika. Huo ndio uliotoka hotelini ukaingia mjini bila kuomba ruhusa, kwa kuwa mbinja haina lugha. Mabichi boi walipiga, wavuvi wa Shela walipiga wakivuta mashua, mwenye mkokoteni wa maji naye akapiga. Hata baba nilimsikia siku moja akiipiga akifunga kilemba. Nilinyamaza kimya.

Yakaja matokeo ya urais ya tarehe 30 Desemba 2007, na nchi ikawaka. Wageni walikatiza likizo wakarudi kwao, na wa kuja hawakuja. Januari tulifundisha dansi kwa familia mbili, kisha moja. Wiki moja baadaye tukaitwa ofisini mmoja mmoja. Nilipopita kando ya bwawa kuchukua vitu vyangu, spika zilikuwa zimefunikwa mashuka ya vitandani, na maji yalikuwa yameshaanza kupata rangi ya kijani. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe palikuwa na haja ya mtu wa kuliangalia.

Mwisho wa mwaka huo nilikuwa ndani ya matatu kwenda Mombasa kutafuta kazi. Tulipovuka daraja la Kilifi dereva akaongeza redio. Ulikuwa wimbo mpya wa Marekani, T.I. na Rihanna, unaitwa “Live Your Life”. Lakini mwanzoni mwake, kabla mtu yeyote hajasema neno la Kiingereza, nikasikia sauti ile, “maia hii, maia huu”. Ni sauti ya wale vijana wa Moldova, wale wa asili, si Haiducii. Nikaimba mpaka abiria wa mbele akageuka.

Makanga akanisogelea, mlango umefunguka nusu. “Kumbe waijua, kaka. Yasemaje?”

“Asema sogea nyuma,” nikamwambia. “Nyuma kuna nafasi.”

Akawageukia abiria, akaanza kuwapanga.