Umeupenda mlango, je, umelitazama paa?

Barua za mwezi huu ni nyingi kuliko kawaida, na nadhani sababu yake ni masika, kwa kuwa mvua ikishapiga kila mwenye nyumba ya mawe hapa Bagamoyo huyaona maradhi ambayo kiangazi kilikuwa kimeyaficha. Walioniuliza kwa mara nyingine uwiano wa saruji na mchanga kwa kuta za matumbawe wasome kwanza jibu nililompa Mama K. wa Dunda hapa chini.

Shikamoo mzee. Ninafanya kazi Dar es Salaam. Mwezi uliopita nilipita Mtaa wa India, Bagamoyo, jioni nikaiona nyumba ya ghorofa yenye mlango wa kuchonga na roshani ya mbao, na tangu siku hiyo sina usingizi. Dalali anataka arubuni wiki hii. Nitoe?

Marahaba. Usitoe. Kilichokupata ninakielewa, kwa sababu mimi nimekulia katika nyumba hizi na bado mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, uliochongwa kwa mkono wenye subira hunisimamisha njiani. Lakini mlango mzuri haukuambii lolote kuhusu ukuta unaoushika. Nyingi ya nyumba hizo zilijengwa kwa fedha za pembe za ndovu na misafara ya bara katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wajerumani walipohamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891, biashara ilipungua, na wenye mali hawakuwa tena na sababu ya kubomoa na kujenga upya. Unyonge wa mji ndio uliozihifadhi nyumba hizi, na unyonge huohuo ndio uliozinyima matengenezo kwa miaka mingi. Unachokipenda, basi, ni nyumba iliyokaa muda mrefu bila ya mtu kuitazama juu.

Rudi, wala usirudi jioni, wakati kila ukuta wa chokaa unapendeza. Rudi asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Panda juu kwanza, utazame mabati na hasa pale yanapokutana na ukuta, uone kama maji ya paa yana mfereji au yanateremkia ukutani. Kisha chukua bisibisi ndefu uchome ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, kwa kuwa huko ndiko kuoza kunakoanzia na ndiko mchwa wanakopita. Ukishuka chini, weka kiganja ukutani usawa wa goti: ukikiondoa na unga mweupe, hiyo ni chumvi, na maana yake ni kwamba ukuta unavuta maji kutoka ardhini. Mwisho zitazame nyufa. Ufa wa zamani una vumbi na utando wa buibui ndani yake. Ufa mpya ni msafi, na kama unapanuka kuelekea juu, huenda ukuta umeanza kuegemea nje, na hapo unahitaji fundi wa kweli kabla ya kuhitaji mwanasheria. Dalali anayekuharakisha anajua utakachokiona siku ya mvua.

Nyumba ninayoitaka ilikuwa ya marehemu babu yao. Anayeuza ni mjukuu mmoja, na anasema ndugu zake wamekubali kwa simu. Ndani anaishi mama mzee, naye ataondolewa. Inatosha?

Haitoshi hata kidogo. Mwenye uwezo wa kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, nawe unapaswa kuuona uteuzi huo kwa macho yako pamoja na ridhaa ya warithi kwa maandishi. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza bila ya ridhaa ya mke, wala mke bila ya mume. Uliza pia kama nyumba ni wakfu, kwa sababu wakfu hauuzwi kama mali ya mtu.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 shughuli za Msajili zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Familia inaweza kukuambia kwa moyo mweupe kwamba nyumba ni yao, kwa kuwa babu aliijenga, ilhali karatasi zinasema vingine. Nenda ofisi ya ardhi kabla ya kwenda benki.

Nami niongeze ambalo hukuniuliza. Umeandika kwamba ndani anaishi mama mzee ambaye "ataondolewa". Mama huyo amewasha taa katika nyumba hiyo kila usiku, amefagia majani juu ya mfereji na kuziba matundu kwa makopo. Bila yeye ungekuta magofu. Kaa naye, msikilize, na jambo lake liwe limemalizika kwa heshima kabla hujataja bei.

Rafiki yangu wa Ulaya ameipenda nyumba ya hapa na anataka tununue kwa jina langu. Kuna ubaya?

Upo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi mgeni haki ya kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, tena kwa utaratibu uliowekwa. Jina haliazimwi.

Lipu ya chini ya ukuta wangu inabambuka kila mwaka. Fundi ameipiga upya mara tatu, na sasa anasema tuongeze saruji. Uwiano upi unafaa? — Mama K., Dunda

Mama, hakuna uwiano wa saruji unaofaa kwa ukuta wako, na kila mara fundi anapoongeza saruji anauongeza ugonjwa. Nimeliandika jambo hili mara nyingi na nitaliandika tena, kwa sababu nyumba za mji huu zinauawa na watu wanaodhani wanaziponya.

Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi. Linavuta maji kutoka ardhini na kutoka katika hewa ya bahari, kisha linayaachia yatoke kupitia lipu ya chokaa, ambayo nayo ni laini na ina vitundu vidogo. Wazee walipojenga kwa mawe, chokaa na udongo mwekundu walikuwa wanajenga ukuta unaopumua. Ukiufunika kwa saruji, maji hayapati pa kutokea. Yanapanda juu zaidi hadi yavuke ukingo wa lipu yako, na chumvi iliyomo inaganda nyuma ya saruji, inavimba na kulisaga jiwe. Lipu inabambuka kwa sababu kilichokuwa kikiishika kimekuwa mchanga.

Hilo nalijua kwa mikono yangu. Nilipopata fedha zangu za kwanza nilikipiga lipu ya saruji chumba alicholala mama yangu, nikidhani ninamfanyia wema, na kwa msimu mmoja ukuta ulipendeza sana. Miaka michache baadaye nilipoibandua ile lipu, jiwe la nyuma lilimwagika kiganjani kama sukari. Ukuta uliokuwa umemhifadhi mama yangu na mama yake niliudhoofisha kwa mifuko minne ya saruji, na sijalisahau jambo hilo.

Kwa hiyo fanya hivi. Bandua saruji yote kwa tindo na nyundo nyepesi, bila ya mashine, kwa kuwa mtikisiko wa mashine huyalegeza mawe. Nje, punguza udongo uliorundikana dhidi ya ukuta na uyaelekeze maji ya paa mbali. Kisha subiri, ukuta uliolowa kwa miaka unataka kiangazi kizima ukauke. Chumvi itakayotoka ifagie kwa brashi kavu, wala usiioshe, maana maji yatairudisha ndani. Baada ya hapo piga lipu ya chokaa iliyozimwa vizuri kwa maji na kulazwa shimoni kwa wiki kadhaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga msafi usiotoka baharini, katika tabaka nyembamba, ukilowesha ukuta kwanza na kuifunika kazi kwa magunia ya maji ili jua lisiikaushe upesi. Chokaa ni jiwe lililochomwa katika moto wa kiasi cha nyuzi 900 hadi likapoteza hewa ya ukaa iliyokuwa ndani yake. Likiwa ukutani huivuta tena hewa hiyo polepole na kurudi kuwa jiwe, na ndiyo sababu haliwezi kuharakishwa. Mfuko uliokaa dukani muda mrefu umekwisha kuanza safari hiyo na nguvu yake imepungua. Wakati wa kuzima chokaa waweke watoto mbali na ufunike macho, kwa kuwa inachemka na kuunguza.

Tafadhali, mtu asiniambie kwamba atachoma matumbawe ya baharini kwa ajili hiyo. Miamba ya Amboni, Tanga, ni ya chokaa, na mawe ya kuta zilizokwisha kuanguka yapo. Matumbawe yaliyo hai ni nyumba ya samaki.

Je, naweza kupaka rangi ya mafuta juu ya lipu ya chokaa?

Hapana, kwa sababu hiyohiyo. Paka chokaa, na ikibidi uirudie kila mwaka kabla ya Idi kama walivyofanya bibi zetu.

Ukarabati wa nyumba ya vyumba sita utagharimu kiasi gani?

Swali hili limekuja kutoka kwa watu watano, na hakuna hata mmoja aliyesema nyumba iko wapi, ina ghorofa ngapi au paa lake likoje. Siwezi kulijibu, na anayekujibu bila ya kuiona nyumba anakudanganya. Ninachoweza kukupa ni mpangilio: paa na mifereji kwanza, boriti na kuta zilizolegea pili, lipu tatu, na rangi mwisho kabisa. Wengi huanza na rangi, kwa kuwa ndiyo inayoonekana katika picha, kisha masika yanaiosha pamoja na fedha zao. Kama fedha yako inatosha paa peke yake, ezeka paa na ukae chini yake mwaka mzima.

Boriti za ghorofa zimeoza kwenye ncha. Nimeshauriwa kuziondoa zote na kumwaga zege. — Mwalimu, Magomeni

Mwalimu, aliyekushauri hakuutazama ukuta. Katika nyumba hizi upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kawaida upana wake hauzidi mita tatu hivi, na ukuta mnene uliwekwa uchukue uzito huo na si mwingine. Zege ni zito na gumu, ukuta wa chokaa ni laini na hucheza kidogo. Vikikutana, kinachopasuka ni ukuta. Nondo nazo hupata kutu kwa chumvi ya pwani, zikavimba na kulipasua zege lenyewe.

Boriti haziozi zote. Zile ambazo ni nzima katikati zifungie mbao ngumu iliyokauka, kama mninga, kandoni mwake, na ncha mpya iachiwe nafasi ya hewa ndani ya tundu lake badala ya kuzibwa kwa saruji. Ukihitaji boriti mpya za mikoko, nunua zilizokatwa kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, kwa kuwa mikoko ni misitu ya hifadhi. Lakini kabla ya kuondoa hata moja, weka nguzo za muda chini ya sakafu yote. Sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jengo la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati likikarabatiwa, na watu wawili walifariki. Jengo kongwe lililofunguliwa nusu ni la kuogopwa, na mafundi walio chini yake wana watoto.

Mti umeota juu ya ukuta. Niung'oe?

Usiung'oe, maana utang'oka na mawe. Ukate karibu na ukuta, uuache ufe, uondoe mizizi kidogokidogo, kisha uzibe kwa chokaa. Mwaka ujao panda uutazame tena.

Mtu amekuja na gari akitaka kuununua mlango wetu peke yake. Fedha ni nyingi na paa linavuja. Tumuuzie, tuezeke?

Ninajua ni vigumu kuikataa fedha ya kuezekea, na simlaumu mtu kwa kufikiri hivyo. Hata hivyo, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango na fremu za mbao zilizochongwa nchini kabla ya mwaka 1940, wala haiwezi kupelekwa nje ya nchi bila ya kibali. Kabla ya neno lolote na mtu huyo, nendeni Idara ya Mambo ya Kale. Huo utakuwa pia wakati mzuri wa kuuliza kuhusu ukarabati, kwa sababu Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni eneo la hifadhi na kazi inataka idhini.

Kuna na sababu ya ukuta. Fremu ile nzito imebeba mawe yaliyo juu yake. Ikitolewa, mawe hayo yanaanza kushuka, na geti la chuma litakalowekwa mahali pake halitayashika. Nimeona zaidi ya nyumba moja iliyouzwa mlango, na ukuta wake wa mbele haukudumu. Kama mnataka kuutunza, ufagieni kwa brashi laini, wala msimruhusu fundi aupige msasa wa mashine, maana atazifuta nakshi kwa nusu saa.

Ninaishi Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya miti na udongo aliyoijenga babu. Ndugu zangu wananicheka nikisema ni nyumba ya kale ya kukarabatiwa. Je, wana haki?

Hawana. Baraza mbele, ukumbi wa kati, vyumba pande zote mbili na ua nyuma: huo ni usanifu kamili, na umewapokea watu wengi wa pwani kuliko majumba yote ya mawe. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika kwamba kuna kijana anayeipenda nyumba ya udongo bila ya mlango wa kuchonga kumshawishi.

Adui zako ni wawili, mchwa katika miti inayogusa ardhi na matone ya mvua yanayorukia chini ya ukuta. Ongeza upenu, chimba mtaro mdogo kuzunguka nyumba, badilisha nguzo moja baada ya nyingine badala ya zote kwa mara moja, na ukandike upya kwa udongo uleule uliotumika, ukimalizia kwa chokaa. Saruji juu ya udongo haishiki. Inaning'inia kama gamba na kuwaficha mchwa nyuma yake. Baraza usilizungushie ukuta. Kazi ya kukandika ianze mvua zikishakatika, na umtafute fundi mzee wa mtaani kwako sasa hivi, kabla hujanunua chochote, ili mdogo wako akae naye na kujifunza kuukanda ule udongo.