Nilienda kutafuta maji Newala nikakutana na homa

Wiki iliyopita dogo mmoja wa hapahapa Mtwara, yuko mwaka wa mwisho chuo, kanitumia meseji saa tano usiku. Kaka shikamoo, nafanya tasnifu ya korosho, nimechimbua vitabu vyote vya kilimo, data za zamani zinaishia njiani, nifanyeje? Nikamwambia lala kwanza. Asubuhi nikaanza kumjibu kwa sauti, ya kwanza dakika nne, ya pili dakika saba, nilivyotuma ya tatu akaniambia kaka bando limeisha si uandike tu. Haya, naandika, na wengine wenye shida kama yake wasome humuhumu.

Mimi masta yangu ilikuwa historia ya maji uwanda wa Makonde. Kwa asiyepajua, kule juu Newala na Tandahimba ni mlima uliokatwa kichwa, mchanga mtupu, mvua ikinyesha inazama chini moja kwa moja, mto hakuna. Zamani akina mama walikuwa wanateremka mabondeni kuchota halafu wanapanda na mzigo kichwani. Miaka ya 1950 ndo ukaja mradi wa maji wa Makonde wa kuvuta maji kwa pampu kutoka chini kupandisha juu. Kwa hiyo mimi kwa akili yangu nikasema nikipata mafaili ya maji kazi imekwisha. Nikapanda basi la alfajiri hadi Dar, Upanga, kwenye Nyaraka za Taifa, nikakaa wiki mbili nafungua mafaili ya maji tu.

Nilipata nini? Pampu. Mabomba. Bajeti. Barua za kukumbushia barua. Yaani wiki mbili nzima sijakutana na binadamu hata mmoja anayekunywa hayo maji. Mimi nilitaka kujua nyumbani kulikuwaje, maji yakishafika mlimani yanawekwa wapi, yanakaa siku ngapi, nani anayagawa. Injinia hana habari na mtungi wa mtu, yeye kazi yake inaishia kwenye bomba.

Nikarudi Mtwara nimenyong'onyea. Jioni moja tuko Magomeni ya hapahapa Mtwara tunakunywa kahawa, kuna jamaa yangu ni mtu wa maabara hospitalini, namlalamikia, akaniangalia kama mjinga. We Mmakonde gani, hujui chikungunya imetoka kwenu?

Jina nilikuwa nalisikia kama watu wote, nikijua ni homa ya huko India au Brazil. Kumbe dunia nzima inapoandika historia ya ule ugonjwa inaanzia hapa kwetu, mlipuko wa 1952 na 1953, Newala. Hata jina lenyewe ni la Kimakonde, linatoka kwenye neno la kujikunja, maana mgonjwa viungo vinamuuma mpaka anapinda. (Kuna maandishi kibao ya kitaalamu yanasema ni neno la Kiswahili. Si kweli, na linaniudhi kuliko inavyostahili.) Daktari Marion Robinson alieleza dalili, mwenzake Lumsden akaeleza ugonjwa ulivyosambaa, taarifa zao zikatoka 1955 kwenye jarida la tiba, na mwaka uliofuata Ross akaandika kuhusu kirusi chenyewe.

Sasa we mtu wa historia ya maji unasomaje jarida la tiba? Nilisoma ukurasa wa kwanza sikuelewa kitu, nikasoma tena na jamaa yangu pembeni anatafsiri, tukafika kwenye mbu anayeieneza. Hapo ndo nikakaa wima. Maana yule mbu, Aedes aegypti, hahitaji dimbwi wala mto, anazaliana kwenye maji yaliyotulia ndani ya vyombo, majumbani. Kwa hiyo daktari anayetaka kujua homa imesambaaje kule juu mlimani, pasipo na mto wala ziwa, hana ujanja, lazima aeleze watu wanachota wapi maji na wanayaweka kwenye nini na wapi. Kile nilichokitafuta wiki mbili kwenye mafaili ya maji nilikikuta kwa watu wa homa, kimeandikwa na mtu ambaye shida yake haikuwa maji kabisa.

Ndo ushauri wangu wa kwanza kwa dogo, na kama bando lako nalo ni dogo soma huu tu. Usijiulize "somo langu limeandikwa wapi", jiulize nani alilazimika kuliandika bila kupenda. Kila mtu kazini kwake anaandika kitu cha mwenzake kwa sababu kinamkwamisha. Daktari anaandika maji, injinia wa reli anaandika udongo, padri anaandika mvua na njaa kwa sababu waumini hawaji kanisani, polisi anaandika bei ya unga. Na huyu asiyependa mara nyingi ni shahidi mzuri kuliko mwenye fani, kwa sababu hana cha kutetea. Mwenye mradi wa maji atakuambia maji yapo.

Mfano mwingine, na huu uko Lindi. Tendaguru, kama kilomita 60 kutoka Lindi mjini, ndiko Wajerumani walikochimba mifupa ya dainosa kuanzia 1909 hadi 1913, wakapeleka Berlin zaidi ya tani 200, na yule mkubwa mwenye shingo ndefu amesimama kwenye makumbusho yao mpaka leo, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mtu wa historia akisikia dainosa anapita kushoto. Sasa piga hesabu ya miaka. Maji Maji imeisha 1907, huku kusini njaa na makaburi, miaka miwili baadaye wanakuja watu wanaajiri mamia ya vibarua wachimbe na wabebe mifupa kichwani mpaka bandarini Lindi. Hao vibarua wanalipwa, wanakula, wanaugua, na wenye msafara walikuwa lazima watunze hesabu zao. We unayetafuta maisha ya mtu wa kawaida baada ya vita, nenda kwa watu wa mifupa. Huko ndiko ninakomjua Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, ambaye 2007 wanasayansi walimpa dainosa mmoja jina lake, Australodocus bohetii. Muulize mwanafunzi yeyote wa Lindi kama amewahi kumsikia. Halafu kuna Karl Weule naye, Mjerumani aliyekuwa anachunguza mila za watu, kapita huku 1906, Masasi mpaka Newala, amerekodi nyimbo kwenye silinda za nta, zikaenda Berlin. Mtu wa muziki, wa lugha, wa historia, wote wana kitu pale, ila kila mmoja anadhani ni za mwenzake.

Jambo la pili ni majina, na hapa wengi tunapotelea. Ukiingia kutafuta "Mkoa wa Lindi" mwaka 1965 hutapata kitu, kwa sababu Lindi imemegwa kutoka Mtwara 1971. Rudi nyuma zaidi, wakati wa Mwingereza, yote hii ni Jimbo la Kusini, mpaka Songea imo. Wilaya ya Mtwara utaikuta imeandikwa Mikindani. Newala ya 1952 ina Tandahimba ndani yake, kwa hiyo ukichukua idadi ya watu ya Newala ya wakati ule ukailinganisha na ya leo umejitia aibu mwenyewe. Mimi nimejitia. Nililinganisha, nikatengeneza na grafu ya rangi, watu wamepungua balaa, nikaandika aya nzima kueleza kwa nini wamehama. Hawakuhama, ni mpaka ndo ulihama.

Na usiandike majina kwa tahajia moja. Ruvuma utaikuta Rovuma, Makonde utaikuta Maconde. Kama unataka mafaili yaliyoko nje, ya Mwingereza tafuta London, kwenye Nyaraka za Taifa lao pale Kew, mfululizo unaitwa CO 691 ndo wa Tanganyika, na ya wizara ya makoloni ya Wajerumani yako Berlin kwa namba R 1001. Hizo namba mbili ningekuwa nimeambiwa siku ya kwanza ningeokoa miezi.

Tatu, jalada, yaani gamba la nje la faili lenye namba yake. Hili naliandika taratibu kwa sababu linauma bado. Siku ya nne kule Dar nilipata faili moja zuri sana, karatasi zimekuwa za njano, pini imeota kutu mpaka imechora duara la kahawia kwenye ukurasa, pembeni mtu kaweka tiki kwa penseli nyekundu. Nikapata ruhusa ya kupiga picha, nikapiga kama mia tatu mfululizo, mkono unatetemeka kwa furaha. Nikafika Mtwara nafungua laptopu naangalia picha, nzuri zote, zinasomeka, ila jalada sijapiga. Yaani sijui faili ni namba ngapi. Mia tatu! Ushahidi usioweza kusema umetoka wapi ni umbea tu, msimamizi wangu akazikataa zote, na alikuwa sahihi japo siku ile nilimuona mchawi. Ikabidi nauli tena, na safari ya pili nilikaa siku mbili kulitafuta upya. Kwa hiyo picha ya kwanza jalada, picha ya mwisho jalada, na kabla hujanyanyuka kwenye kiti andika namba kwenye daftari kwa mkono. Kwa penseli, kalamu ya wino hawakuruhusu na wako sawa.

Kuhusu ofisi za huku mikoani nisiseme sana. Moja nilienda, sitaitaja, mhudumu akaniambia mafaili ya zamani yapo stoo, stoo ina ufunguo, ufunguo anao mtu, mtu yuko likizo. Nilirudi mara tatu. Mara ya nne nikaacha kuulizia mafaili nikaanza kumuulizia yeye habari za nyumbani, na tukajuana. Ufunguo ukapatikana. Ndani mchwa wameshatangulia, lakini kulikuwa na daftari mbili za kilimo nzima kabisa, chini ya viti vibovu.

Nne, hili ni onyo. Ukishazoea kuvuka kutoka fani moja kwenda nyingine unalewa. Unaanza kuona kila kitu kinaunganika. Mimi niligundua kwamba Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi, kimbunga kikubwa, na homa ya Newala ikaanza katikati ya mwaka huohuo. Niliruka kitandani! Kimbunga, mvua, maji, mbu, homa, nikaandika kurasa kumi usiku mmoja. Nikampelekea jamaa wa maabara. Akasoma kimyakimya, kisha akauliza swali moja tu, mvua ya Newala mwezi ule ilikuwa milimita ngapi? Sijui. Basi hujui, akasema. Kufuatana kwa tarehe hakumaanishi kimoja kimezaa kingine, na Newala si Lindi, iko mbali na pwani. Zile kurasa kumi ninazo mpaka leo, sijazitupa wala sijazitumia. Kabla hujaunganisha mafaili ya fani mbili, mpe mtu wa kila fani asome upande wake. Akicheka, anza upya.

Wazee nao ni nyaraka, ila usiwaendee na dodoso. Bibi yangu wa Newala 1952 alikuwa msichana wa miaka kama kumi na mbili. Nilikuwa nimemuuliza mara nyingi habari za maji, ananijibu mbili tatu basi. Baada ya kusoma zile taarifa za homa nikaenda tena, nikamwuliza, bibi, unakumbuka homa ya kupinda? Akaweka ungo chini. Akasimama, akashika kiuno, akakunja magoti akaniigizia mama yake alivyokuwa anatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye mtungi, hatua ndogondogo, mkono ukutani. Akasema, mjukuu wangu, wakubwa wote walilala, mimi na mdogo wangu ndo tulikuwa tunateremka kuchota, na tulikuwa tunaleta kidogo tu, kwa hiyo maji yanakaa, hatumwagi hata tone. Miaka yote nilikuwa namuuliza swali la injinia, siku hiyo nikamuuliza la daktari, ndo maji yakatoka.

Sasa dogo na korosho zako. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna kama tani 145,000, halafu ikaporomoka, msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Vitabu vya kilimo vitakuambia ubwiriunga, na ni kweli, ule ugonjwa uliua maua na ndo maana mpaka leo tunapuliza salfa. Lakini ubwiriunga umekuja kuripotiwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na mavuno yalishaanza kushuka kabla. Nani mwingine alilazimika kuandika korosho miaka ile bila kuzipenda? Angalia mafaili ya Operesheni Vijiji, watu wamehamishwa, mikorosho imebaki kwenye mahame yao huko porini, nani akapalilie? Angalia watu wa bei na ushirika. Angalia watu wa barabara. Halafu nenda kwa wazee, ila usiwaulize walivuna gunia ngapi, waulize kutoka kijiji kipya mpaka kwenye mikorosho yao ya zamani ilikuwa mwendo wa saa ngapi.

Jumatatu naenda Newala kumpelekea bibi sukari na mafuta ya taa. Kama unataka kuja, nauli yako, chai juu yangu, na njoo na penseli.