Kaa Mpaka Majina Yaishe

Wiki iliyopita niliandikiwa na binti wa Ifakara. Alianza kwa shikamoo, kisha akaniuliza: "Kaka, nataka kuwa mhakiki wa filamu kama wewe. Nianzie wapi?" Mwishoni akaongeza kwamba kwao yupo kijana anayepiga sinema yake kwenye mashamba ya mpunga, kwa hela alizokopa kwenye kikoba, na hajawahi kuandikwa na gazeti lolote.

Marahaba, mdogo wangu. Nilitaka kukujibu kwa mistari mitatu nikaona nitakudhulumu, na najua hauko peke yako. Wako wengi wanaosoma hapa wenye hamu hiyohiyo.

Mimi nilianza mwaka 2008, nikiwa sina hata televisheni. Nilipanga chumba Manzese, Dar es Salaam, na jioni nilikuwa nashinda kwenye kibanda cha video. Madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi hayana migongo, joto la kukamua shati. Filamu za Kichina na za Kihindi tulizielewa kwa sauti ya Lufufu, ambaye alitafsiri huku akiwapa wahusika majina na matusi ya kwetu, mpaka ukasahau kwamba ile filamu ilitoka mbali. Watu walicheka pale alipotaka wacheke. Mwenzetu Nabwana, mwongozaji wa filamu kule Wakaliga, Kampala, ameweka sauti ya namna hiyo ndani ya filamu zake mwenyewe na dunia nzima ikamtazama. Sisi tuliiona ni kelele za uswahilini.

Siku moja wakaweka filamu ya Bongo. Kuna msiba. Mama anamlilia mwanawe aliyelazwa mkekani, kafunikwa shuka nyeupe, kamera imesogea karibu. Ghafla tumbo la maiti likapanda, likashuka. Kibanda kizima kililipuka kwa kicheko, na yule mama akaendelea kulia machozi ya kweli, maana aliigiza vizuri sana. Nilirudi nyumbani na swali moja: katika watu wote waliokuwepo siku ile ya kurekodi, na wakati wa kuhariri, hakuna hata mmoja aliyeliona lile tumbo? Na kama aliliona, kwa nini alinyamaza?

Niliandika kurasa mbili za daftari, kwa mkono, nikazipeleka kwenye gazeti moja la burudani. Mhariri alizisoma akiwa amesimama. Akaniuliza, "Huyu dada aliyecheza kama mama, anatoka na nani sasa hivi?" Sikujua. Akanirudishia karatasi zangu. Nimekuwa nikilikumbuka jambo hilo kwa miaka mingi, na sitaficha, bado linaniuma. Kanumba alipofariki Aprili 2012, Leaders Club ilifurika watu, na habari za kifo chake zikaandikwa wiki kwa wiki. Nilitafuta makala moja tu inayoeleza alivyokuwa anaigiza, anavyonyamaza kabla ya kujibu, anavyotumia macho. Sikuipata, nikaiandika mwenyewe.

Somo la kwanza basi: andika kuhusu kazi. Andika ulichokiona.

Somo la pili nilijifunza Kariakoo. Zama zile filamu zikiuzwa kwenye kasha za CD, mtayarishaji alikuwa anauza masta, yaani nakala mama, kwa msambazaji, anapewa hela yake mara moja, habari imeisha. Hata kazi ikiuzwa nchi nzima, yeye hadai tena. Na filamu moja ilivutwa ikawa sehemu ya kwanza na ya pili, ili mteja anunue mara mbili. Ndiyo maana uliona gari linapiga honi, mlinzi anatoka, geti linafunguliwa taratibu, gari linaingia, linaegeshwa, mtu anashuka, anapanda ngazi zote, na hakuna neno lililosemwa. Nilikuwa nikiwalaumu waongozaji kwa uvivu mpaka nilipokaa dukani na kuona hesabu zinavyopigwa. Ukitaka kuihakiki filamu, jua kwanza hela yake ilipitia wapi.

Miaka iliyofuata nitairuka. Nilifanya kazi za watu, nikaandika usiku.

Mwaka 2017 nilivuka kwenda Unguja kwenye ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar. Ilikuwa mara ya ishirini ya tamasha, na filamu ya ufunguzi ilikuwa T-Junction ya Amil Shivji. Tuliketi Ngome Kongwe, kwenye ngazi za mawe ambazo saa mbili usiku bado zilikuwa na joto la mchana. Filamu ile ina wasichana wawili wanaokutana hospitali, mmoja anamsimulia mwenzake habari za watu wa njia panda. Nilichokiona ni watu wanaosikilizana. Hakuna aliyepiga kelele ili tujue ana uchungu. Mama mmoja mbele yangu aliacha kujipepea na ukingo wa mtandio, mkono ukabaki hewani. Nikaandika kwenye daftari, gizani: "mkono wa mama umesimama." Makala yangu ilianzia hapo.

Ilikataliwa na magazeti mawili. Mmoja wa wahariri alisema hizo ni filamu za matamasha, Mtanzania wa kawaida hazimhusu. Niliitundika mtandaoni mwenyewe. Baadaye mwalimu mmoja wa chuo akaniambia ameitoa nakala na kuwagawia wanafunzi wake darasa zima. Nililia, mdogo wangu.

Kisha ikaja filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Mwaka 2021 ikaonyeshwa tamasha la Toronto, mwaka uliofuata ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye Oscar, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Simu yangu haikupumzika. Redio zilitaka "mchambuzi". Niliyekuwa naandika kuhusu filamu za watu wachache nikawa mtaalamu kwa siku moja. Nilifurahi, na nilistahili.

Sasa nikueleze kosa langu. Kuna mwongozaji kijana wa mkoani, sitamtaja. Filamu yake ya kwanza ilikuwa nzuri kweli, niliisifu kwa moyo wote. Lakini kabla ya kuitazama alinitumia nauli ya basi na hela ya chakula, nikapokea. Nilijiambia ni ukarimu tu. Filamu ya pili ilikuwa mbaya, nikaandika hivyo. Akawaambia watu: "Ile ya kwanza nilimlipa, ndiyo maana alisifu." Hakudanganya kuhusu hela. Makala ile ya kwanza niliyoiandika kwa haki ikageuka tangazo la biashara, na hata leo siwezi kuitetea mbele ya mtu. Tulikutana kwenye uzinduzi fulani, akanipita kama nguzo.

Kwa hiyo lipa kiingilio chako. Kama huna, subiri mpaka upate. Usipokee nauli, usipokee soda, usipokee fulana. Hawa wanaotengeneza sinema bila mfadhili wanahitaji mtu mmoja ambaye neno lake halijanunuliwa. Ukiuza lako, umewaibia wao. Vijana wengi siku hizi wanapokea, wanaita ushirikiano. Acheni.

Na kaa mpaka majina yaishe. Watu wakishaanza kuvuta viti, wewe tulia. Niliwahi kuandika kwa hasira kuhusu filamu moja ambayo kila kitu kilikuwa gizani, kisha nikairudia na kusoma majina: mpiga picha, mtu wa taa, mhariri na dereva walikuwa ni jina moja. Nilifuta aya nzima. Giza lilibaki kuwa kosa, ila sikuliita tena uzembe.

Basi, usinitumie makala kuhusu filamu ya Toronto. Nenda kwa huyo kijana wa mpunga, mlipe kiingilio hata kama anaonyeshea ukutani kwa shangazi yake, ukae nyuma pamoja na watoto. Kisha niandikie kwa ukurasa mmoja: mtu wa kwanza kucheka alicheka wapi, nani alitoka kabla haijaisha, na jina la mwisho kabisa kwenye orodha lilikuwa la nani.