Shoga yangu wa tangu utotoni amenirudishia kanga

*Shangazi, shikamoo, ingawa najua umri wetu haupishani sana. Nina miaka 69, mkazi wa Ngamiani, Tanga. Nina shoga yangu wa tangu utotoni. Tulichezwa unyago pamoja mwaka 1970, somo wetu mmoja. Mwaka 1982 alipolazwa, mwanawe wa kiume nilimnyonyesha mimi karibu mwezi mzima pamoja na wangu. Mwaka 1983, nguo zilipokuwa adimu, tulipata doti moja ya kanga tukaikata, kila mtu akachukua kipande chake.*

*Mume wake alikuwa fundi wa reli. Mwaka 1987 alioa mke wa pili Korogwe kwa siri, wakazaa watoto watatu. Mimi nilijua kwa sababu nilikuwa napeleka papa na ng'onda kuuza kule, naye akawa ananipa bahasha niwafikishie. Nilinyamaza ili nisivunje nyumba ya mwenzangu. Wakati ule yeye alikuwa akikaanga vitumbua alfajiri apate ada za watoto, na mimi nilimnunulia kila siku kumuunga mkono. Hata nyumba inayogombewa leo, matofali nilikwenda naye kuyanunua kwa pesa hizo za vitumbua. Mumewe naye hakuwa mtu mbaya, mimi mwenyewe aliwahi kunisaidia mtaji, na bati 20 nilipoezeka banda langu. Mwaka 1994 shoga yangu aliniuliza kama mumewe ana mtu Korogwe. Nikamwambia hana, ni kazi tu.*

*Sasa mzee amefariki. Siku ya arobaini, baada ya hitima, wale wa Korogwe wakaja na cheti cha ndoa, na yule mke akasema mbele za watu kwamba mimi ananijua miaka yote. Tangu siku hiyo shoga yangu hataki kuniona. Wiki iliyopita mkwewe, msichana wa mjini anayejifanya msomi, alikuja kunirudishia kile kipande cha kanga. Najua ni yeye anayemtia maneno mama wa watu. Mume wangu anasema niende nikaombe radhi. Niombe radhi kwa kosa gani, Shangazi? Kutunza siri ni kosa?*

*Msiri, Tanga*

Marahaba, mdogo wangu. Kufarakana na mtu mliyekua pamoja, kwa umri huu, ni msiba usio na matanga. Hakuna anayekuja kukaa nawe mkekani. Kwa hilo nakupa pole ya dhati. Baada ya pole, nikwambie kwamba barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma nazidi kuwa upande wa shoga yako.

Nianze na kanga. Unasema mkwe ndiye mtia maneno. Mwaka 1983 huyo mkwe yawezekana hata hajazaliwa. Alijuaje kwamba kitambaa kilichochakaa, kilicholala chini ya sanduku miaka zaidi ya 40, kina mwenziwe nyumbani kwako? Nani aliinama akakitoa, akakikunja, akasema mpelekee fulani? Shoga yako yuko edani, hatoki, akamtuma aliye karibu. Yule binti ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Tena jiulize, mdogo wangu: kipande kimoja cha kanga, ambacho bila mwenziwe mtu hajifungi akajitanda, kwa nini alikitunza muda wote huo? Chako kiko wapi? Barua yako haisemi.

Na huyo unayemwita msichana wa mjini, mume wake amenyonya kifuani kwako. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani kwetu, manyonyesho matano yanatosha mtoto kuwa mwanao, sembuse mwezi mzima. Mke wa mwanao ni mkweo. Siku ile alibisha hodi kwa mama mkwe wake. Hukuandika kama ulimpa hata maji ya kunywa.

Sasa hilo la siri. Unauliza kama kuitunza ni kosa, nami nakuuliza ilikuwa siri ya nani. Shoga akikupa lake ukalificha mpaka kaburini, hiyo ni amana na thawabu utapata. Hii haikuwa ya shoga yako. Ilikuwa ya mume wake, na mtu uliyemficha ni yeye. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ya mtungi wa Korogwe ulikuwa wewe, ndiwe uliyekuwa ukiingia na kutoka.

Kuna mstari umeuandika kama sifa yako, nao ndio ulioniumiza kuliko yote. Ule wa vitumbua. Mimi nimekaanga vitumbua, najua kazi yake. Mchele unauloweka jioni, unautwanga au kuupeleka mashineni, nazi unaikuna kwa mkono, saa kumi usiku uko mbele ya moto na moshi unakutoa machozi ili watu wakiamka wakute vya moto. Kwa nini mke wa fundi wa reli alifanya hivyo? Kwa sababu mumewe alikuwa akimwambia mshahara hautoshi. Mshahara ulitosha. Uligawanywa, na fungu moja lilisafiri kwenda Korogwe ndani ya kapu lako, kati ya papa na ng'onda. Ukasimama asubuhi mbele ya moto wake, ukampa sarafu, ukapokea vitumbua vyako, na bahasha ya mumewe unayo pochini. Kisha unaniambia ulikuwa ukimuunga mkono.

Habari za bati nazo hakuna aliyekuuliza. Umezitaja mwenyewe, maana zinakusumbua. Sisemi kwamba kati yako na marehemu kulikuwa na jambo lingine, na sitaki msomaji yeyote alifikirie hilo. Ninachosema ni kwamba mkono mtupu haulambwi. Yule bwana alijua ulimi wako una uzito gani akaulipia. Huenda siku unapokea hukujiambia kwamba unalipwa. Lakini mvua imenyesha juu ya bati hizo miaka mingi, na kila ikinyesha umeisikia.

Halafu ule mwaka 1994. Mpaka hapo ningeweza kukutetea kidogo. Anayepeleka habari kama ile mara nyingi ndiye anayechukiwa: wenye nyumba wanapatana, yeye anabaki mchawi. Imewafika wengi, na kuogopa si dhambi. Lakini alikuuliza, mdogo wangu! Mwanamke haulizi swali kama lile kwa kubahatisha. Alikuwa ameshanusa kitu, akamwendea mtu mmoja ambaye hakudhani angemdanganya. Hakuwa hata na miaka 40. Angeweza kubaki akijua, angeweza kudai zamu yake na matumizi yake kama mke mkubwa, angeweza kushika njia kwenda kwao. Ukewenza si jambo geni Tanga. Bibi zetu waliuishi, wengine waliulia, wengine walipikiana na kuleleana watoto, ila walijua. Huyu mlimwamulia nyinyi wawili, wewe na mume wake, akaishi miaka 30 ndani ya maisha ambayo nyinyi mlijua yana chumba kingine na yeye hajui.

Na hapa niwageukie mabinti wanaosoma safu hii, maana maradhi haya hayakwisha na wazee. Siku hizi mke wa siri anafichwa ndani ya simu, na mashoga wanaopeleka bahasha wapo vilevile, tofauti ni kwamba bahasha inatumwa kwa namba. Ndoa haikuumbwa iwe siri. Dini imetaka walii na mashahidi, na ikapenda itangazwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaotaka kuoana watoe taarifa siku 21 kabla, na kama mwanamume ana mke, jina la mke huyo litajwe, naye mke akiona kipato cha mumewe hakiwezi kubeba nyumba mbili ana haki ya kuweka pingamizi. Yote hayo yamewekwa ili jambo lifanyike mchana. Lakini mashahidi wanakaa kimya, anayefungisha hataki maswali, na mashoga tunasema tusivunje nyumba ya watu. Nyumba inavunjwa na aliyeibomoa msingi, wala si na anayeonyesha ufa.

Nawatazama tunavyowafunda mabibi harusi katika kicheni pati. Mchana kutwa tunawafundisha kuogesha, kupika na kunyenyekea. Hakuna somo anayemwambia mwari aulize hati ya kiwanja imeandikwa jina la nani, au aweke risiti ya saruji aliyoinunua kwa pesa yake. Kungwi wenu wa mwaka 1970 naye hakuwaambia, najua, na kungwi wangu pia hakuniambia. Tukakua tukidhani usiri ndio uungwana wa mwanamke. Tumewazika waume wengi waungwana, na kila baada ya hitima anatokea mtoto ambaye hakuna aliyemjua, anafanana na marehemu mpaka kucha.

Nirudi kwako, maana kuna jambo la haraka ambalo katika barua yako umelipita bila kulitazama.

Marehemu aliyeacha watoto, mkewe anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Wake wakiwa wawili hawapati thumni mbili, wanagawana ileile, kila mmoja moja ya 16. Kama kile cheti cha Korogwe ni cha kweli, yule mwenzake ana haki yake, na watoto wake watatu ni warithi kama watoto wengine. Hao hawana kosa lolote, usije ukageuka leo ukawasemea vibaya ili ujipendekeze kwa shoga yako. Lakini kinachogawanywa ni mali ya marehemu peke yake, tena baada ya kutoa gharama za mazishi, madeni, na wosia usiozidi theluthi. Alichokichuma mke kwa jasho lake hakiingii katika mirathi ya mumewe. Ni mali yake, kinatengwa kwanza.

Na nyumba ile, kwa kauli yako mwenyewe, matofali yalinunuliwa kwa pesa za vitumbua. Wewe ulikuwepo. Unajua yalinunuliwa kwa nani, mwaka gani, nani aliyabeba. Wajenzi wa miaka ile wangapi bado wako hai? Risiti nani alitunza? Huyo mkwe msomi naamini sasa hivi anapekua makaratasi usiku kucha kumtafutia mama mkwe wake ushahidi, na ushahidi huo uko kichwani mwako, umekaa Ngamiani unanuna. Miaka yote ulimnyima shoga yako ukweli uliokuwa wake. Leo upo ukweli mwingine anaouhitaji kikao cha ukoo kitakapokaa na shauri litakapofika mahakama ya mwanzo, la sivyo nyumba nzima itahesabiwa kuwa ya marehemu, naye aliyeijenga kwa moshi apate moja ya 16. Kautoe huo, hata kama hataki kukutazama usoni. Kautoe bila kumwekea sharti la kukusamehe.

Mumeo ametajwa mara moja tu katika barua yote, na neno lake ndilo pekee la haki humo ndani. Msikilize.

Utakapokwenda, usimwambie "kama nilikukosea". Ulimkosea, liseme hivyo. Mtajie bahasha, zilikuwa kila baada ya muda gani. Mtajie mtaji. Mtajie bati, zote 20, usisubiri azisikie kwa yule wa Korogwe. Mwambie kuwa mwaka 1994 ulimdanganya, na ulijua unamdanganya. Kisha kaa kimya umwache aulize. Ataanza na mambo madogo: watoto wale wanaitwaje, alikuwa akilala siku ngapi, walikula nini siku ya Idi. Mjibu unachokijua, na usichokijua sema hujui. Usilie kumpita yeye, akaanza kukubembeleza wewe. Akikwambia toka, toka, urudi wiki inayofuata. Pengine hatakusamehe, na ana haki hiyo. Mna miaka 69, hakuna kati yenu mwenye muda wa kusubiri mwenziwe alegee.

Tena nenda sasa, angali edani. Eda ni miezi minne na siku kumi, na mwenye eda hatembelei watu, watu ndio wanaomtembelea. Mahali pako mkekani pako wazi, na wanawake wote wanaoingia pale wanapaona. Hawezi kuja kwako hata moyo wake ukitaka. Wewe miguu unayo.

Tafuta kipande chako cha kanga leo hii, popote ulipokitupa. Kama kimegeuka tambara la jikoni, kifue hivyohivyo kilivyo. Kiweke pamoja na hicho alichokurudishia, vyote viwili uvibebe mkononi, visiwe mfukoni. Atakayefungua mlango ni mkweo. Msalimie kwanza yeye, kwa jina lake, umwombe radhi kwa ulivyompokea, ndipo umuulize kama mama yuko macho.