Mfumo wa bure, huru au huria?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Naandaa kijitabu cha wanaoanza kujifunza kompyuta, na nimekwama kwenye sentensi ya kwanza: "Linux ni mfumo wa uendeshaji wa bure wa chanzo wazi." Mwenzangu anayenihariria amefuta "wa bure" akaweka "huru". Mwingine akasema si huru, ni "huria". Je, maneno haya hayawezi kubadilishana nafasi? Na mbona wengine huandika "mfumo endeshi"?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Hayabadilishani, na wenzako wote wawili wamefanya vyema kuliondoa hilo "bure".

Bure ni neno la malipo: tiketi ya bure, usafiri wa bure. Lina na uso wake wa pili, kama tunaposema tumesumbuka bure, au yule mtu bure kabisa. Ukiandika "programu bure" bila ya "ya", yupo msomaji atakayedhani unaitukana. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mifumo ya aina hii haitambulishwi kwa bei. Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa kuunda mfumo endeshi uitwao GNU, alikusudia mfumo ambao mtumiaji ana ruhusa ya kuutumia kwa kazi yoyote, kuchungulia ndani yake, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Ni mtu huyohuyo ambaye mwaka 1985 alikuwa akiuza kanda zenye Emacs, programu yake ya kuhariri matini, kwa dola 150. Aliyenunua alilipa kwelikweli, kisha akawa na ruhusa ya kuibadilisha na kuigawa. Kinyume chake, zipo programu chungu nzima unazopakua bila kutoa hata senti, na ndani hazichunguliki.

Kisa cha Linux yenyewe kinaeleza zaidi. Linus Torvalds alipoitoa mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliiwekea leseni aliyoiandika mwenyewe, na leseni hiyo ilikataza mtu kutoza pesa kwa kuisambaza. Ilikuwa ya bure kwa lazima! Mwaka 1992 akaihamishia kwenye GPL, leseni ya mradi wa GNU, ambayo haina ugomvi na anayeuza, ila humtaka ampe mnunuzi msimbo, yaani maagizo yanayounda programu, pamoja na haki zilezile alizopewa yeye. Kwa hiyo "wa bure" wako ungefaa sana mwaka 1991. Leo umepitwa na leseni.

Kosa hili tumeliazima. Kiingereza kina neno moja, "free", kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa, na Stallman amezeeka akifafanua kwamba anazungumzia uhuru, si bei. Utata huo ulichangia mwaka 1998 kundi la wanaprogramu kubuni jina jingine, "open source", linalotaja uwazi wa msimbo. Sisi tulikuwa tumeshatenganisha bure na huru kitambo, hata kabla kompyuta hazijafikiriwa, kisha tunatafsiri macho yamefumbwa na kujitwisha mzigo usio wetu.

Sasa huru na huria. Yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini matumizi yameyaachanisha. Huru ni yule asiye chini ya mwingine: nchi huru, mtumwa aliyeachwa huru, mgombea huru asiye na chama. Huria ni sifa ya uwanja usiomfungia mlango anayetaka kuingia: soko huria, biashara huria, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Chuo hicho hakikuitwa huria kwa kuwa hakina wa kukisimamia, wala si kwa kuwa hakitozi ada, maana kinatoza. Kimeitwa hivyo kwa jinsi kinavyopokea na kufundisha watu.

Nikisikia "programu huru", picha inayonijia ni ya programu inayojitegemea, isiyohitaji nyingine ili ifanye kazi, mithili ya yule mgombea asiye na chama. Lakini aliye huru hapa si programu, ni mtu anayeitumia. Programu ni uwanja tu. Ndiyo maana nachagua huria. Mwenzako aliyeandika huru hajavunja sarufi, na wapo waandishi wanaomuunga mkono, sitagombana naye. Ila huria isichanganywe na holela. Soko huria lina sheria zake, na GPL ina masharti ambayo watu wameburuzana mahakamani kwa kuyakiuka.

"Chanzo wazi" kinaeleweka, ingawa kikisimama peke yake "chanzo" humpeleka msomaji mgeni kwenye chanzo cha mto au chanzo cha ugomvi. Kinachowekwa wazi ni msimbo chanzo, yaani maagizo kama mwanaprogramu alivyoyaandika, kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine. Kwa wanaoanza ningesema "msimbo wake uko wazi", kisha nikaongeza neno la ruhusa, kwa sababu kitu kinaweza kuwa wazi kukitazama na kikawa marufuku kukigusa.

"Mfumo endeshi" ni istilahi safi. Imeundwa kama lugha fundishi, isimu linganishi, programu tumizi: shina la kitenzi, kiishio -i, basi. "Mfumo wa uendeshaji" nao si kosa, lakini ona kinachotokea ukiongeza sifa. Katika "mfumo wa uendeshaji huria", kilicho huria ni mfumo au ni uendeshaji? Itabidi useme "mfumo huria wa uendeshaji". Ukiwa na "mfumo endeshi huria" shaka haipo, na zile "wa, wa, wa" za sentensi yako zinakwisha. Wingi wake ni "mifumo endeshi huria". Huria haipokei kiambishi, kama huru na wazi zisivyopokea.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza. Linux kwa maana yake kamili si mfumo mzima, ni kiini, ile sehemu inayogawa kumbukumbu na muda wa prosesa na kuzungumza na vifaa. Juu ya kiini hupangwa programu nyingine, nyingi zikiwa za GNU, ndipo unapata kitu cha kusakinisha, ambacho wenyewe hukiita distro: Debian iliyoanza 1993, Ubuntu iliyotoka 2004, na ndugu zao wengi. (Hilo jina Ubuntu, tukiwa kwenye lugha, usilione geni. Limetoka kwenye lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika. Ondoa ubu- uweke u-, -ntu igeuke -tu, unabaki na "utu" wetu.)

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Linux ni kiini cha mifumo endeshi huria kama Debian na Ubuntu: msimbo wake uko wazi, yeyote anaruhusiwa kuubadilisha na kuusambaza, na kwa kawaida hupatikana bila malipo." Nafasi ikiwa finyu, anza kukata kwenye "bila malipo".